Karani Aliyeziba Sikio la Kompyuta

Karani alisoma barua kuanzia chini. Akipewa bahasha, aliichana kwa kisu kidogo cha kumenyea viazi, akaitoa karatasi, na macho yake yakaenda kwanza kwenye saini. Kisha alipanda polepole, mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye tarehe. Nilipomuuliza sababu, alisema, "Mwinjilisti, mtu akibisha hodi unamuuliza ni nani kabla hujamuuliza anataka nini. Barua nayo inabisha hodi."

Sitaeleza alizaliwa wapi wala ukoo wake ulitoka bonde gani. Hayo wanayajua wenyewe nyumbani kwake. Mimi nilimfahamu akiwa nyuma ya meza, katika ofisi ya jimbo la kanisa letu huku milimani juu ya Lushoto, ambako nilitumika kama mwinjilisti na mjumbe wa kamati ya mali. Watu wote walimwita Karani. Hata mkewe alimwita hivyo, akiwa jikoni, kwa sauti ya mtu anayeita ofisi nzima.

Kwa asiyemfahamu, lazima niseme mapema jambo ambalo watu wa hapa walilishika na kulishika vibaya: Karani aliondolewa kazini akituhumiwa kutoa siri ya ofisi. Yeye, ambaye hakukwambia hata bei aliyonunulia viazi. Tuhuma hiyo ilikaa juu ya jina lake miaka mingi, na ninaandika haya kwa sababu ninajua ilitoka wapi.

Alikuwa mtu wa kushuku, na hakuona haya kwa hilo. Enzi za mashine ya kuchapa, kila alipomaliza barua nzito alichukua karatasi ya kaboni, akatoka nayo nyuma ya ofisi, akaichoma ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Halafu alikoroga majivu kwa kijiti. Siku moja nilimcheka. Hakukasirika. Alinipa kaboni ambayo alikuwa hajaichoma, akanisimamisha dirishani, akasema, "Soma."

Niliiinua kwenye mwanga. Nikaona maneno yote, meupe juu ya weusi, na jina la msichana wa usharika wetu ambaye mambo yake ya ndoa yalikuwa mbele ya wazee.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Na aliyefagia hapa jana angesoma vilevile. Leta."

Akaichoma. Tangu siku hiyo sikumcheka tena kuhusu kaboni, ingawa nilimcheka kuhusu mengine. Kila jioni aliweka penseli juu ya daftari, ncha ikielekea dirishani, na asubuhi aliikagua kabla hajavua koti. Alipokwenda gulio la Soni aligeuza kila kiazi, akanusa kila pea, na wanawake wa pale walimtania waziwazi.

"Karani, hilo pea limekukosea nini?"

"Bado sijajua, mama. Ndiyo maana naliuliza."

"Mkeo ulimkagua hivi hivi?"

Mkewe, aliyekuwa pembeni na kikapu, alijibu kwa niaba yake. "Miaka miwili. Posa ilipofika, baba yangu alidhani wamekuja kukagua nyumba."

Lakini nyumba yake mwenyewe haikuwa na kufuli. Mlango ulifungwa kwa kamba ya katani, na mara nyingi hata kamba hiyo ilining'inia tu. Kuku wa jirani waliingia na kutoka. Nilimwambia kwamba hilo halilingani na mtu anayechoma kaboni. Alitazama chumba chake, kiti kimoja cha kamba na kabati lisilo na kioo, akasema, "Nyumbani kuna vitu. Ofisini kuna watu. Kitu kikiibwa unanunua kingine."

Aliogopa simu, lakini bahasha za jimbo aliwakabidhi makondakta wa mabasi ya Mombo bila kusita. Mkuu wa Jimbo, mchungaji wetu kiongozi, alimshangaa. Karani alimweleza kwamba kondakta akifungua bahasha, gundi itasema. Simu haina gundi. Katika maombi alifumba jicho moja. Nilipomwonya kama ndugu, alijibu kwa upole kwamba tumeagizwa kukesha na kuomba, na kwa kuwa mimi nimeamua kuomba tu, yeye atanikeshea.

Alikuwa na kazi nyingine ambayo haikuwa kazi. Wasiojua kuandika walimjia mchana, ofisi ikiwa wazi, wakamnong'oneza barua zao: mama aliyetaka mwanawe arudi kutoka mashamba ya chai ya Bulwa, mzee aliyetaka kuomba radhi kwa kaka yake kabla hajafa. Aliandika bila kuchukua chochote. Mwanamke mmoja alikuja baadaye na ndizi mbivu kumshukuru, kwa kuwa ile barua yake ilikuwa imejibiwa vizuri.

"Barua gani, mama?" Karani alimuuliza.

"Ile uliyoniandikia, baba. Ya mume wangu."

"Mimi sikumbuki barua yoyote."

Mama yule alisimama kidogo, kisha akaelewa. Aliziacha ndizi juu ya meza, akaondoka akitabasamu. Mimi nilikuwa pale, na kama ingekuwa mimi, ningeuliza mume alisema nini.

Kisha zikaja zile nyakati ambazo kila kitu kilifunguliwa. Wanunuzi binafsi wa kahawa walipanda na malori yao, nguo za mitumba zikajaa Soni, redio zikawa nyingi mpaka watoto wakashindwa kuchagua. Wengi tulifurahi, na mimi nilimshukuru Mungu kwa sukari iliyopatikana bila foleni. Karani aliuliza swali moja tu: "Milango imefunguliwa, sawa. Nani amewekwa akae mlangoni?"

Mlango wa ofisi yetu nao ukaingiza kompyuta. Ilitumwa na marafiki wa kanisa kutoka ng'ambo, pamoja na programu ya imla. Maana yake ni hii: Mkuu wa Jimbo anasema barua yake kwenye kipaza sauti kilichosimama juu ya meza, kompyuta inaihifadhi sauti, kisha Karani anavaa hedifoni, anaisikiliza na kuichapa. Ilisemwa kuwa ni kwa ajili yake. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa kwa baridi yabisi, hasa miezi ya ukungu, na kukimbizana na sauti ya mtu aliyesimama mbele yake kulimtesa.

Fundi alikuja kutoka Tanga, kijana mwenye adabu. Aliamkia shikamoo kila aliyemkuta, akakaa, akapanga vitufe. Vitufe ndivyo vilivyokuwa kiini cha kazi, kwa sababu mwenye kuchapa hawezi kuacha kibodi kila mara ili kurudisha sauti nyuma.

"Mzee, ona. Hiki cha juu ukikibonyeza, inaanza kusikiliza. Hiki cha pili inaacha. Hiki inarudi nyuma kidogo, hiki inapunguza mwendo. Kitufe kimoja tu kila kazi."

"Na nitajuaje kwamba inasikiliza?"

"Kuna alama nyekundu hapo pembeni mwa kioo."

"Na kioo kikizima?"

"Kinazima chenyewe kikiachwa muda mrefu, kupunguza umeme. Lakini kazi inaendelea."

"Inaendelea kusikiliza ikiwa imefumba macho."

"Tuseme hivyo, mzee."

"Basi ni paka."

Fundi alicheka. Karani hakucheka. "Na maneno yakishachapwa, sauti inakwenda wapi?"

"Inabaki mle ndani mpaka uifute."

"Kwa hiyo kila asemacho Baba Mchungaji kinakaa humo kama kaboni."

"Kaboni ndiyo nini, mzee?"

Karani alimtazama kwa huruma ya kweli, akaenda kumwitishia chai.

Sasa nifike kwenye habari yenyewe. Jimbo lilikuwa na shamba la kahawa bondeni, miti ikiwa imezeeka na bei yake imeanguka. Kamati ya mali iliamua likodishwe kwa mwenye mtaji wa mboga. Pembezoni mwa shamba lile kulikuwa na familia zilizolima mahindi na maharage kwa ruhusa ya kanisa tangu enzi za baba zao. Tulikubaliana, na mimi nilikuwa mmoja wa waliosisitiza, kwamba lisisemwe neno mpaka Mkuu wa Jimbo awaendee mwenyewe, akae nao, awaambie na kuwaonyesha eneo lingine. Hiyo ndiyo desturi yetu. Neno la ardhi hupelekwa nyumbani kwa mtu, na mpelekaji hunywa maji ya nyumba ile kabla ya kulisema. Barua ya uamuzi ilikuwa mikononi mwa Karani, bado haijatumwa.

Alhamisi moja ya mvua Karani alitaka kwenda posta. Ofisi hakuiachia mtu, lakini siku hiyo alinipa mimi ufunguo. Alisema, "Kaa hapa mpaka nirudi. Wewe tu." Nilikaa. Meza ilikuwa imelowa kwa mvua iliyopenya dirishani, nikaweka kitabu changu cha nyimbo juu ya kibodi ili kisilowe, nikavuta simu. Shemeji yangu alikuwa na duka la mbegu pale Soni. Nilimpigia kuulizia hali ya dada yangu aliyekuwa mgonjwa. Tulipokwisha kuulizana, nilimwambia na la shamba. Nilimwambia ajiandae, maana mwenye kukodi atahitaji mbegu na mbolea. Nikamwambia, "Neno hili libaki kwako." Karani aliporudi nilimkabidhi ufunguo, akanishukuru, nikaenda zangu.

Jumatatu nilipita ofisini. Karani alikuwa na hedifoni masikioni. Tulikwisha kuamkiana, lakini alizivua, akaniangalia, akaniuliza tena, "Umeamkaje, Mwinjilisti?" Nilidhani ni uzee. Siku hiyo yote hakuchapa kitu. Alikaa na kitabu cha maelekezo ya programu na kamusi, akabadilisha vitufe. Alipomaliza, kompyuta haikuweza kusikiliza mpaka mtu abonyeze vitufe vitatu kwa pamoja, kimoja chini kabisa mkono wa kushoto, kimoja mwisho wa kulia, kimoja juu. Vya kurudisha nyuma na kupunguza mwendo aliviacha vyepesi. Cha kusikiliza tu ndicho alichokitawanya.

Mkuu wa Jimbo alijaribu, akashindwa mara mbili. "Karani, hata kusema 'Ndugu zangu katika Bwana' lazima kwanza nipige kinanda?"

"Ndiyo, Baba Mchungaji. Anayetaka mashine imsikilize aweke mikono yote miwili mezani."

Tulicheka sana. Tuliona ni ushuku wake uleule, umepata mashine mpya.

Kabla wiki haijaisha, wale wakulima wa bondeni walisikia habari ya shamba lao sokoni Soni, katikati ya marundo ya kabichi, kutoka kwa mwenye lori ambaye hawakumfahamu. Aliwaambia wasipande tena. Walipanda mlima mpaka ofisini, wanawake mbele. Hawakupiga kelele. Mama mmoja alimwambia Mkuu wa Jimbo, "Baba, sisi tunakula meza moja ya Bwana na wewe. Kwa nini tumeambiwa na lori?"

Kamati iliitishwa. Barua ilikuwa bado haijatumwa, na aliyeichapa alikuwa mmoja. Karani aliitwa, akasimama mlangoni ingawa alipewa kiti.

"Barua ilikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Ufunguo wa ofisi ulikuwa kwa nani?"

"Ni wangu mimi."

"Kuna mwingine aliyeingia?"

Mimi nilikuwa nimekaa mbali naye kwa hatua tatu. Nilingoja anitaje, na aliponyamaza nilishukuru moyoni, na huko kushukuru ndiko kunakonitia aibu kuliko yote. Nilijiambia kwamba shemeji yangu si mtu wa kusema. Nilijiambia kwamba wajumbe tulikuwa saba na kila mmoja ana mdomo. Kisha, nikiendelea kujiambia, nikafika mahali pa kumshuku Karani kwa dhati. Mbona hakujibu? Mbona alibadilisha vile vitufe siku zile zile? Huenda alikuwa anaficha kitu. Mjumbe mmoja aliyasema hayo kwa sauti, na mimi nikatikisa kichwa kukubali.

Hatukumfukuza. Tulisema anastaafishwa kwa sababu ya vidole. Barua ya kumstaafisha aliichapa mwenyewe, na haikuwa na kosa hata moja. Lakini hapa milimani watu hawasomi barua kwa maneno yake tu, na habari ilikuwa imeshasambaa. Wale akina mama waliomnong'oneza waliacha kumjia. Wengine waliona haya kukutana naye njiani, wakifikiri ni nini chao kingine alichokitoa. Hilo ndilo alilonyang'anywa. Mshahara ulikuwa jambo dogo.

Shamba halikukodishwa mwaka ule, na wakulima walikaa. Miaka saba ikapita. Nilimwona Karani ibadani, nikamwamkia, akaitikia. Sikuwahi kumsikia akimlaumu mtu. Kisha, kwenye harusi ya binti wa dada yangu, shemeji alinikumbusha habari ile akicheka, jinsi alivyomwambia mwenye lori siku ileile ya simu, "kwa sababu alikuwa mteja wangu, shemeji, na wewe hukusema nisimwambie yeye." Niliweka sahani ya pilau chini. Sikulala vizuri siku kadhaa. Nilikuwa nimefundisha toba kwa watoto wa kipaimara karibu maisha yangu yote.

Nilimkuta Karani uani, asubuhi, akichambua maharage kwenye ungo. Vidole vilikuwa vimepinda, na kila punje aliisukuma kwa kiungo cha kidole. Mkewe alinikaribisha, akaleta chai, akaondoka. Niliketi.

"Nimekuja kusema jambo," nikamwambia.

"Sema."

"Ile habari ya shamba. Ni mimi. Siku ile uliponiachia ufunguo nilimpigia simu shemeji yangu."

Aliendelea kuchambua. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ile Jumatatu. Kwanza nilisikia kitu kizito kimewekwa juu ya kibodi. Halafu mvua. Halafu wewe, ukiulizia dada yako. Nikataka kuzivua hedifoni, maana yalikuwa ya nyumbani kwako. Kisha ukasema la shamba."

Nikakumbuka kitabu cha nyimbo nilichoweka juu ya kibodi, na kitufe cha kusikiliza kilichokuwa chini yake.

"Kwa nini hukusema kwenye kamati?"

"Ningesemaje? Nilikusikia bila wewe kujua. Miaka yote nimezuia watu wasisikilizwe hivyo. Niliifuta sauti, nikapanga vitufe ili isimpate mwingine. Kisha nikangoja useme mwenyewe."

"Miaka saba, Karani."

"Nilidhani siku tatu." Akatupa punje iliyotobolewa. "Nilikuwa nakuamini."

Niliomba radhi. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia kwa kusogeza ungo magotini pangu, nikabaki nimeushika.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi nilishasikia. Waambie ambao hawajasikia."

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi baada ya matangazo. Mchungaji alikuwa mwingine kwa wakati huo, na hakujua ninataka kusema nini. Nilisimama mbele ya usharika, wakiwemo wale wakulima wa bondeni na wajumbe wawili wa kamati waliobaki hai, nikasema kwamba siri ya shamba niliitoa mimi, kwa simu, na kwamba nilikaa kimya mtu asiye na kosa akiondolewa. Nilitaja jina lake lote, lile la ubatizo, ambalo wengi hawakuwa wamelisikia kamwe. Yule mama aliyeuliza habari ya lori alijifunika uso kwa kanga.

Nilipita katikati ya viti mpaka alipokaa Karani. Niliinama, nikamnong'oneza, "Ilikuwa sawa?"

"Umeruka jambo."

"Lipi?"

"Hukusema uliingiaje ofisini. Wataanza kujiuliza nani alikufungulia. Watamfikiria mama aliyekuwa akifagia, na bado yu hai. Sema ufunguo nilikupa mimi."

"Hilo litakugusa wewe."

"Ndiyo. Ni kweli nilikupa. Nenda kabla hawajatoka."

Watu walikuwa wameanza kuinuka na kutafuta miavuli yao. Nikarudi mbele, nikawaomba wakae.